Hodi Kwenye Kibanda cha Video

Mwaka nilipooa tulipewa shamba la mahindi kule Madaba, upande wa bonde ambako nyani walikuwa wengi kuliko watu. Kazi yangu ilikuwa kugonga debe. Unakaa juu ya kichuguu toka asubuhi, unagonga debe kwa kipande cha chuma, nyani wanakaa mbali na mahindi yako. Na kila ukigonga, ng'ambo ya bonde debe nalo linajibu. Tulijua ni mwangwi. Mimi shule niliishia darasa la pili, tena katikati, na mwalimu hakuuliza nimekwenda wapi, lakini mwangwi niliujua.

Sasa siku moja, mchana kweupe, mke wangu amekaa chini anamenya muhogo, mimi nimechoka, chuma nimekilaza mapajani. Debe la ng'ambo likalia. Mara tatu, kwa mwendo uleule ninaogonga nao mimi.

Mke wangu akaacha kumenya. "Umegonga?"

"Sijagonga."

"Nani anajibu basi?"

"Atakuwa mlinzi mwingine."

"Kule hakuna shamba," akasema, akaendelea na muhogo wake. Baada ya kitambo akasema, "Hebu gonga na wewe. Usimwache mtu anasubiri."

Nikagonga. Ng'ambo kukawa kimya, hata mwangwi haukuja. Tangu siku ile nikawa sina hakika, katika zile siku zote za nyuma, ni nani alikuwa anagonga na ni nani alikuwa anajibu. Nyani walikula mahindi yote mwaka ule, tukahamia Songea, tukajenga kijumba Matogoro chini ya vilima. Habari ya debe nilidhani imeishia pale, na ninayotaka kuyaeleza hayahusiani nayo. Au niseme, nilidhani hayahusiani.

Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ilipoachiwa huru, walioiona wanaikumbuka. Jana yake ulikuwa kwenye foleni ya sabuni na namba umeandikwa kiganjani, leo sokoni kuna mtu anauza miwani ya jua tu, hana kitu kingine. Mitumba ikaja kwa marobota. Nilinunua koti zito lenye manyoya shingoni, nikalivaa mwezi wa kumi na moja katika joto lote lile, mpaka padri akaniuliza kama naumwa. Redio nazo zikaja, na nyingi zilifika zimekufa, hapo ndipo nilipopata kula. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua ya kwangu, nikaifunga, nikabakiwa na skrubu mbili mkononi, ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Watu wakaanza kuniita fundi.

Karibu na stendi palikuwa na mama mmoja mjane aliyeacha kuuza vitenge akafungua kibanda cha video. Mabati pande tatu, magunia upande wa nne, televisheni moja, deki moja, jenereta nje, na mabenchi ya mbao yanayochana suruali. Sisi hatukusema filamu. Tulisema picha. Shujaa wake aliitwa steringi, na wote wanaopigana naye waliitwa maadui, hata akiwemo baba yake mzazi. Shida ilikuwa sauti. Ile mikanda ilikuwa imenakiliwa mmoja kutoka mwingine mara nyingi mno huko ilikotoka, hata ikifika Songea sauti imekwisha. Unaona midomo inatembea, unasikia mchakacho kama wa mvua tu.

Mama mwenye kibanda akaniita. "Fundi, nitie sauti hapa."

"Sauti haipo, mama. Siwezi kutengeneza kitu ambacho hakipo."

"Basi weka nyingine."

Aliyasema hayo kama mtu anayesema weka chumvi nyingine. Nikaweka. Nilizima sauti ya televisheni, nikaunganisha redio kaseti yangu na spika, nikakaa nyuma ya pazia na kikapu cha kanda. Steringi akikimbia, naweka dansi. Akipenda, naweka taarabu. Mtu akifa, naweka kwaya. Spika moja ilikuwa ndani, na nyingine, ya mdomo mpana kama tarumbeta, tuliifunga juu ya nguzo kuelekea stendi ili iwaite watu.

Baada ya miezi michache mji haukujua tena nyimbo zilikotoka. Wimbo wa bendi ambao watu walikuwa wameucheza tangu ujana wao ukaitwa wimbo wa daraja, kwa kuwa niliuweka pale daraja linapovunjika. Palikuwa na wimbo wa farasi, palikuwa na wimbo wa nyoka. Harusi moja kamati ikanijia: fundi, bibi harusi anaomba aingie na ile ya nyoka. Ile ya nyoka ilikuwa kwaya ya mazishi, inaimbwa jeneza likiinuliwa. Nikawaambia. Wakasema, "Wewe weka, ni nyimbo ya picha hiyo." Akaingia nayo ukumbini, hatua moja moja, anatabasamu, na bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaweka kijiko chini akafunika sahani yake kwa kitambaa. Nilicheka siku ile. Nasema ukweli, nilicheka.

Sasa nifike kwa yule mama wa Matogoro, maana ndiye ninayemzungukia tangu mwanzo.

Alikuwa jirani yetu, mtu mzima sana, mjane, na mtoto mmoja tu, mwanamume, aliyekwenda Tunduru kwenye machimbo ya mawe ya thamani na hakuonekana kwa miaka. Hakuwa mwandishi wa barua na mama hakuwa msomaji. Wakati ule wengi tusiojua kuandika tulitumiana maneno kwa kanda. Unakuja kwa fundi, unasema yako kwenye redio, kanda anapewa utingo wa basi, inafika, mwenyewe anaazima redio anakusikia. Mama akaugua mguu, halafu kifua, halafu akawa hainuki. Akamwambia mke wangu, aliyekuwa akimpelekea uji, "Mwambie mumeo aje na redio yake. Nataka mwanangu anikute."

Nilikwenda alasiri moja kabla mvua hazijashika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hicho kidude kinasikia hata nikisema polepole?"

"Kinasikia, mama."

"Basi umtafute mwenye kovu la uji hapa." Akagusa kidevu. "Nilimwagia mwenyewe, akiwa mdogo. Usimpe mwingine."

Nikabonyeza. Alimwambia mwanawe maneno machache, kwamba anaumwa, kwamba aje, kwamba hataki kitu chochote ila kumwona. Halafu akaimba. Ulikuwa wimbo wa kutwangia, wa Kingoni, lakini maneno alikuwa ameyageuza yake mwenyewe tangu zamani: njoo ule, moto unazimika, nimekuwekea cha chini ya chungu. Sauti ilikuwa nyembamba, inakatika mahali pa kuvuta pumzi, na mkono wake ulikuwa unapanda na kushuka juu ya blanketi kama umeshika mchi.

Katikati ya mstari akanyamaza. Akageuza macho mlangoni. Akasema, kwa sauti nzima kabisa, sauti ya mtu asiye mgonjwa, "Karibu. Pita tu, mlango uko wazi."

Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi kweli, na uwanjani palikuwa na kuku wawili. Nikamwambia hakuna mtu. Akajibu kitu kifupi, nitakitaja mahali pake. Nikazima redio.

Nilikuwa nataka kuifuta ile sehemu aliyosema "Karibu". Akanikataza. "Acha. Nimesikia hodi kwa masikio yangu."

Kanda ikakaa kwangu ikisubiri utingo wa Tunduru, na wiki ileile mvua zikashika. Wanaoijua barabara ya Tunduru ya miaka ile hawahitaji maelezo. Lori linazama, watu wanalala juu ya magunia siku tano, basi halithubutu. Kila mke wangu akipeleka uji, mama anauliza, "Kanda imekwenda?" Mke wangu anajibu, "Barabara imekatika, mama." Ilikuwa kweli.

Hapo katikati ikaingia picha mpya. Ilikuwa ya huko mashariki ya mbali, ya watu wanaopigana kwa miguu. Steringi ameondoka nyumbani kujifunza kupigana, miaka inapita, na mama yake anaonyeshwa amekaa mlangoni na bakuli mkononi. Anakaa muda mrefu. Midomo yake inatembea kidogo, labda anasali, labda anaimba, hatukujua, maana sauti ilikuwa mchakacho wa mvua tu. Nilijaribu kwaya, haikukaa. Nikajaribu taarabu, watu wakacheka. Siku ya tatu, nikipapasa kikapuni, mkono ukaangukia kanda ya mama. Najua ningeweza kuirudisha chini. Sikuirudisha.

Ilikaa. Sijui niseme vipi ilivyokaa. Yule mwanamke akifungua mdomo, mama wa Matogoro anaanza. Akivuta pumzi, anakatika. Mkono wake ulikuwa unapangusa bakuli, unapanda na kushuka, kwa mwendo uleule wa mchi. Halafu yule mwanamke anainua macho, midomo inatembea, na spika inasema, "Karibu. Pita tu, mlango uko wazi." Na mlango wa kwenye picha unafunguliwa, anaingia steringi, vumbi mpaka kwenye kope. Hapo nikakata.

Kibandani hakuna aliyekohoa. Makondakta wale, wabeba mizigo, watu wanaorushiana matusi hata wakati wa kifo cha steringi, walikaa kimya kama wako kanisani. Mmoja mbele akasema polepole, "Huyu mama anasema Kingoni." Mwenzake akamjibu, "Sasa ulitaka aseme nini?"

Nikaenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anapepeta mahindi. Hakugombana. Alisema, "Baba watoto, sauti ile ina mwenyewe, na ina iendako."

"Barabara ikifunguka naipeleka."

"Na ikifunguka?"

"Si nimesema naipeleka."

Barabara ilifunguka. Jua lilipiga siku sita mfululizo, na yule utingo akaja mwenyewe kibandani asubuhi, akaniita kwa magunia: fundi, tunaondoka, ile kanda iko wapi? Mama mwenye kibanda alikuwa ametangaza ile picha kwa siku ile ya Jumamosi, ameandika ubao, watu wamekuja toka vijijini kwa ajili ya wimbo wa mama. Alinitazama tu. Mtu anaweza kusema ningeinakili. Ningeweza. Redio ya kunakilia ilikuwepo kwa mwenzangu wa sokoni, mwendo wa dakika kumi. Sina sababu ya kuwapa. Nilipenda jinsi watu wale walivyokuwa wananyamaza, ndiyo yote. Maishani mwangu sikuwahi kusema kitu watu wakanyamaza.

"Safari ijayo," nikamwambia utingo.

Jioni ile nilipeleka uji mimi, mke wangu alikuwa na homa. Mama akauliza kama kawaida. Nikamjibu, "Barabara imekatika, mama." Akaniangalia. Akasema, "Mbona nasikia magari?" Kutoka kitandani kwake husikii gari, stendi iko mbali.

Siku nne baadaye alifariki. Tulimzika sisi majirani. Mke wangu alikuwa mmoja wa waliomwosha. Tulipotoka makaburini tukashuka mjini kurudisha sufuria tulizoazima, wanawake mbele na masufuria kichwani, sisi nyuma na majembe. Tulipofika karibu na stendi, toka juu ya nguzo, marehemu akaanza kuimba.

Mama mwenye kibanda alikuwa ameweka kanda mwenyewe, kwa kuwa mimi sikuwepo. Hakumjua aliyekufa. Wanawake walisimama pale barabarani, hakuna aliyegeuza shingo kwa sababu ya masufuria. Tulisikia njoo ule, tulisikia moto unazimika. Mmoja wao, wa nyuma kabisa, akaitika "Abee" kabla hajajizuia, na wenzake wakasogea mbali naye kidogo. Spika ikasema karibu, pita tu, na mwenye kibanda akakata palepale ninapokata mimi. Tangu hapo mke wangu hakupita tena njia ya stendi, alizunguka kwa nyuma ya soko mpaka tulipozeeka.

Mtu atauliza, uliiondoa? Nilisema nitaiondoa. Lakini hadithi ilienea kwamba kwenye picha ile anaimba mtu aliyekufa, na badala ya watu kukimbia wakazidi. Ninyi mnajua watu. Nikajiambia, mwanawe hata akiisikia sasa itamsaidia nini. Wiki ikapita, ya pili ikapita.

Wiki ya tatu, saa kumi alasiri, kibanda kimejaa. Niko nyuma ya pazia. Yule mwanamke amekaa mlangoni na bakuli lake, mama anaimba, nakisubiri kile kipande cha mwisho nikate. Mama akanyamaza katikati ya mstari, pale palipokuwa na kimya kila siku, kimya cha kama pumzi mbili.

Na kwenye kile kimya, mtu nje akasema, "Hodi."

Hakuna mtu anayepiga hodi kwenye kibanda cha video. Unafunua gunia unaingia.

"Karibu," mama akasema. "Pita tu, mlango uko wazi."

Watu wakaangua kicheko. "Kaitikiwa huyo," mmoja akasema, "aingie sasa." Gunia likafunuliwa, mwanga ukaingia, na kwenye televisheni mlango ukafunguliwa wakati uleule, hata sikujua nimtazame yupi, kama kule Madaba nilivyokuwa sijui nani anagonga na nani anajibu. Aliyeingia kwetu alikuwa na tope mpaka magotini na mfuko wa nailoni begani. Akasimama katikati.

"Mama?" akasema.

"Mama yako yuko kwenye televisheni," mtu akamjibu. "Kaa chini, unamziba steringi."

Akaitazama televisheni. Alimtazama yule mwanamke wa kigeni kwa muda, kama mtu aliyeingia nyumba siyo na bado haamini. Nikatoka nyuma ya pazia. Mwanga wa gunia ulikuwa usoni mwake, na kwenye kidevu niliona kovu, jeupe, la mviringo, kama tone.

"Wewe ndiye mwenye hivi vyombo?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Kuna mtu kule machimboni alitoka huku, anapiga mluzi wimbo wa mama yangu. Nikamuuliza umeutoa wapi. Akasema ni nyimbo ya picha. Nikamwambia huo hauna picha, huo ni wa jikoni kwetu. Tumebishana mpaka karibu tupigane." Akavuta pumzi. "Nikaona nije nimuulize mwenyewe. Nimeshuka kwenye lori sasa hivi, nikamsikia humu ndani. Yuko wapi?"

Mabenchi yalikuwa yamenyamaza tena, kimya kilekile nilichokuwa nakipenda.

"Tumemzika," nikasema. "Wiki ya tatu hii."

Hakulia. Akauliza, "Aliimba lini?"

"Kabla ya mvua. Ilikuwa kanda yako. Alikuita uje."

"Barabara ilikatika."

"Ilikatika."

"Haikufunguka hata mara moja?"

Ningeweza kumdanganya, kwa kuwa nilishamdanganya mama yake na nilikuwa najua jinsi inavyofanywa. Nikamwambia, "Ilifunguka. Alikuwa hai."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaweka mfuko wake juu ya benchi. "Piga tena."

Nikazima televisheni. Nikarudisha kanda nyuma mpaka mwanzo, nikapiga. Akasikiliza amesimama. Akasikia kwamba anaumwa, kwamba aje. Akasikia wimbo, na kile kimya, na karibu, pita tu, mlango uko wazi. Mahali pale ndipo siku zote nilipokata, na siku ile mkono haukwenda. Kanda ikaendelea. Mji mzima ukanisikia mimi, toka juu ya nguzo, nikisema, "Mama, hakuna mtu hapo."

Na mama akajibu, polepole, lile neno nililosema nitalitaja. Alisema, "Basi ameshaondoka."

Yule mwanamume aliinama akafunga vizuri kamba ya kiatu. Sikumwona akikasirika. Nilimnyooshea ile kanda, sikujua kitu kingine cha kumpa, akaitazama mkononi mwangu wala hakuipokea. Mfuko aliuacha juu ya benchi. Akafunua gunia akalining'iniza kwenye msumari, likabaki wazi, tukamwona wote anavuka stendi. Hakushika njia ya Matogoro kwenye kaburi, wala ile ya Tunduru alikotoka. Alikwenda upande mwingine, kwa mwendo wa kawaida, hakugeuka nyuma, na hakurudi.